Kuazimana Zana Kakese: Chombo Kirudi Msimu Wake Ukingalipo

Kata ya Kakese, ndani ya Manispaa ya Mpanda, ni nchi ya mpunga. Mvua huanza kushika Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, na ikinyesha hainyeshi kwa mtu mmoja. Siku udongo wa mbuga unapolainika kiasi cha kupitisha plau, umelainika kwa wote. Wiki magugu yanapoutangulia mpunga, yameutangulia kwenye majaruba ya kila mtu. Ndiyo maana kuazimana zana huku kuna ugumu wake: unayeomba chombo unakihitaji wakati uleule ambao mwenye nacho anakihitaji.

Mwongozo huu unasimama juu ya jambo moja tu. Ukiazima plau Desemba ukairudisha Februari, hata ikiwa nzima na imeoshwa, umemtia mwenzako hasara. Mbuga ikishajaa maji haimngoji mtu, na ekari aliyoshindwa kulima haitalimika tena mpaka mvua za mwakani. Chombo kina msimu wake, na kukirudisha ni kukirudisha msimu huo ukingalipo. Mengine yote yanatoka hapo.

Ijue kalenda ya zana

Kabla ya kwenda kwa jirani, jiulize yeye mwenyewe anakitumia lini. Kwa mkulima wa mpunga na mahindi wa Kakese, mwaka umegawanyika hivi:

Novemba hadi Januari ni zamu ya plau, nira, minyororo, majembe ya mkono na ng'ombe wa kulimia. Zana hizi ndizo ngumu kuliko zote kuazimwa, kwa kuwa siku za kulimia mbuga ni chache. Mvua ikiwa kidogo ardhi ni ngumu kama jiwe, ikizidi ng'ombe wanazama.

Januari hadi Machi ni palizi na kupulizia dawa. Bomba la mgongoni ndilo linalozunguka kuliko chombo chochote.

Mei hadi Julai ni mavuno: mundu, turubai, mashine ya kupura, mkokoteni, magunia na sindano za kushonea.

Agosti hadi Oktoba ni kiangazi, watu wanajenga. Hapo zinatakiwa kalibu za tofali, toroli, sururu, beleshi, ngazi, msumeno na pima maji.

Faida ya kuijua kalenda hii ni kwamba inakuonyesha cha kuomba na wakati wa kuomba. Plau omba Oktoba, si siku mvua inapodondoka. Mwambie mwenye nayo, "Ukimaliza shamba lako, naomba niwe wa kwanza kufuata." Hapo umeomba zamu, na zamu ni rahisi kutolewa kuliko chombo chenyewe. Toroli la kujengea, ukiliomba Juni, utamkuta mwenyewe halitumii, ila usishangae akilitaka Agosti.

Namna ya kuomba

Nenda mwenyewe. Jembe moja la mkono la kuchimbia shimo la nguzo unaweza kumtuma mtoto, lakini bomba, plau, mashine au kitu chochote chenye injini hakiombwi kwa mtoto. Mtoto hawezi kuelezwa kasoro ya chombo wala kuahidi siku ya kukirudisha.

Nenda asubuhi mapema au jioni, mwenyewe akiwa nyumbani, na salamu zitangulie. Kwa mzee ni shikamoo. Kwa jirani Msukuma "mwangaluka" ya asubuhi hufungua mlango haraka kuliko maelezo marefu. Ukishasalimia usizunguke sana. Sema mambo manne: unataka nini, kwa kazi gani, mahali gani, na utakirudisha siku gani. Kwa mfano:

"Shikamoo mama. Nimekuja kuomba bomba lako la kupulizia. Nina nusu ekari ya mpunga kule mbugani, nataka kupiga dawa ya magugu kesho asubuhi. Kesho hiyohiyo jioni nitakuletea, likiwa limeoshwa."

Linganisha na yule anayesema "Nisaidie bomba kidogo, nikimaliza nitaleta." Huyu hajasema kazi gani wala lini. "Nikimaliza" haina tarehe, na ndilo neno linalogombanisha majirani wengi kuliko wizi. Ukisikia mtu anasema hivyo, mwulize palepale, kwa upole: "Utamaliza lini, ili nijue kujipanga?"

Jambo lingine ni idhini. Ukimkuta mke na plau ni ya mume, au ukimkuta kijana na mashine ni ya baba yake, omba apigiwe simu mwenye nacho. Usimbebeshe mtu wa nyumbani lawama ambazo ataachiwa yeye wewe ukiwa shambani.

Kabla chombo hakijatoka nyumbani kwako

Sasa ni zamu yako wewe unayeazimisha. Fanya mambo matatu.

La kwanza, tia alama. Majembe ya kiwanda kimoja yanafanana, na turubai za buluu hazitofautiani. Choma mpini kwa chuma cha moto uandike herufi mbili za jina lako. Kwenye chuma, gonga nukta kwa msumari mgumu. Kwenye turubai, andika pembeni kwa rangi ya mafuta. Alama hiyo itamaliza ubishi kabla haujaanza.

La pili, andika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la shule la kurasa chache linatosha. Mstari mmoja ubebe tarehe, chombo, hali yake, aliyechukua, siku ya kurudisha, na saini yake au yako. Mfano: "Januari 14. Bomba la lita 16, mkanda mmoja umefungwa kwa waya, linavuja kidogo kwenye kishikio. Jirani wa nyumba ya mwembe. Kurudi Januari 15 jioni." Kama unaona haya kuandika mbele ya mtu, mtumie ujumbe wa simu akishaondoka: "Bomba umechukua leo, tumekubaliana kesho jioni. Kazi njema." Ujumbe huo una tarehe na saa, na hakuna atakayeona amedhaniwa mwizi. Kwa chombo cha thamani, piga picha kwa simu mbele yake.

La tatu, sema kasoro. Kama mpini wa shoka unacheza, sema. Kama pampu ya maji inakula oili, sema. Hili si adabu tu. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inamtaka anayemkabidhi mwenzake kitu kwa matumizi amweleze kasoro anazozijua zinazoweza kumdhuru au kumkwamisha. Sheria hiyohiyo inamtaka aliyekabidhiwa akitunze kama mtu makini anavyotunza mali yake, asikitumie nje ya kazi iliyokubaliwa, na muda ukifika akirudishe bila kungoja kudaiwa. Hilo la mwisho likumbukwe. Wengi huamini kwamba mwenye mali asipokuja kuulizia, hana shida nayo. Sheria haisemi hivyo, na ujirani hausemi hivyo.

Chombo kikiwa mikononi mwako

Kanuni ya kwanza: usiazimishe cha kuazima. Jirani wa tatu akija kukuomba bomba la jirani wa kwanza, mwelekeze kwa mwenyewe. Chombo kikishapita mikono mitatu hakuna anayejua kilivunjikia wapi.

Zana nyingine zina mambo yake, na hizi nne zinastahili maelezo zaidi.

*Bomba la kupulizia.* Hiki ndicho chombo kinachoweza kumharibia mwenye nacho shamba zima bila yeye kujua. Dawa za magugu za jamii ya 2,4-D huua mimea ya majani mapana na kuuacha mpunga na mahindi. Mabaki kidogo yakibaki ndani ya tangi, kwenye mpira au kwenye pua ya bomba, mwenye bomba akilitumia wiki ijayo kupulizia dawa ya wadudu kwenye nyanya, tikiti, pamba au tumbaku, ataona majani yanajikunja na vikonyo vinapinda, na atadhani ni ugonjwa. Kwa hiyo ukimaliza, mwaga kilichobaki kwenye shamba lako ulilokuwa unalipulizia, si mtaroni wala karibu na kisima. Tia maji safi, tikisa, pulizia yatoke kupitia mpira na pua, kisha mwaga. Rudia mara tatu, na mara mojawapo tia sabuni ya unga uache yakae ndani kwa muda kabla ya kuyatoa. Fungua pua na chujio uvioshe pembeni. Ukirudisha, taja dawa uliyotumia. Mwenye bomba mwenye busara huwa na mabomba mawili, moja la magugu na moja la wadudu, na huyaandika ubavuni. Kama lake ni moja, asiliazimishe kwa dawa ya magugu wakati bustani yake ya nyanya iko shambani. Na bomba la dawa lisitumike kamwe kubebea maji ya kunywa wala ya kuoshea vyombo.

*Plau na ng'ombe.* Plau inaweza kuazimwa peke yake. Ng'ombe ni vizuri wakaja na anayewajua. Ng'ombe aliyezoea sauti ya mtu mmoja akipewa mgeni mwenye fimbo anagoma au anaumia. Walime alfajiri mpaka jua linapoanza kuwaka, kisha wafunguliwe wanywe na kula. Anayelimiwa alishe ng'ombe na amlishe mwendeshaji. Hilo halihitaji kuambiwa. Kabla ya siku ya kwanza, kubalianeni kwa mdomo ng'ombe akiumia nani atamwita mtaalamu wa mifugo na nani atalipa. Plau yenyewe ikaguliwe nati zote kabla ya kuingia shambani, kwa sababu nati moja ikidondoka kwenye tope la mbuga huioni tena. Bapa linalokata udongo huliwa na kazi. Uchakavu huo ni wa kawaida na haudaiwi, lakini likipasuka kwa kugonga kisiki ulichokuwa unakijua, ni lako.

*Vitu vya injini.* Pampu ya maji, jenereta, mashine ya kupura, msumeno wa mnyororo. Angalia oili kabla ya kuwasha, si baada ya kusikia mlio umebadilika. Uliza kama injini inataka petroli tupu au iliyochanganywa na oili, na uliza kiasi cha mchanganyiko. Injini ya kuchanganya ikipewa petroli tupu hufa siku hiyohiyo. Pampu ya maji isizungushwe bila maji. Irudishe na petroli ya kutosha mwenyewe kuanza kazi yake, hata kama uliichukua ikiwa tupu.

Kwa msumeno wa mnyororo, shoka na mapanga kuna tahadhari moja ya Katavi. Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974, iko kusini mwetu, na mkoa una misitu mingi ya hifadhi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu zana zilizotumika kwenye kosa kutaifishwa. Usimpe mtu msumeno bila kujua mti anaokwenda kukata uko wapi na kama ana kibali. Msumeno wako ukishikwa huko, kusema "uliazimwa" hakutaurudisha nyumbani.

*Turubai.* Wakati wa mavuno turubai ni roho ya mpunga: ukianika chini, unachanganya mchele wako na mchanga na bei inashuka. Ndiyo maana ni aibu kuliacha turubai la mtu uani likichomwa na jua mpunga ukishaingia ghalani. Likung'ute, likunje likiwa kavu, kwani likikunjwa na unyevu linaoza mikunjoni. Usilitandike juu ya visiki vya mpunga uliokatwa, maana linatobolewa vitundu ambavyo mwenyewe atavigundua mvua ya kwanza.

Kurudisha

Rudisha mkononi, si mlangoni. Jembe lililoegemezwa ukutani mwenyewe akiwa hayupo bado liko chini ya dhamana yako. Likibebwa na mpita njia, deni ni lako. Ukimkosa, rudi nalo jioni, au mkabidhi mtu mzima wa nyumba hiyo na utume ujumbe.

Rudisha kikiwa katika hali nzuri kidogo kuliko ulivyokichukua. Mundu unolewe. Udongo wa mbuga utolewe kwenye jembe ungali mbichi, kwa kuwa ukikauka unashika kutu chini yake. Mpini uliolegea ukazwe. Huhitaji kupeleka zawadi kila mara, lakini ukivuna mpunga kwa mundu na turubai la mtu, kumpelekea kisado cha mchele mpya ni desturi nzuri, na inafungua mlango wa mwakani.

Na kama kazi haijaisha siku ikifika? Nenda kabla ya siku hiyo, ukaombe upya. Usikae kimya ukitegemea atakuelewa. Mwenye chombo anaweza kukuongezea siku mbili, au anaweza kukuambia kesho anaingia nacho shambani. Akikitaka, mpe, hata jaruba lako likiwa nusu.

Kikiharibika

Sema siku hiyohiyo. Habari mbaya ikiletwa na mhusika mwenyewe ni ajali. Ikiletwa na mtu mwingine imeshakuwa ujanja. Beba kilichovunjika, hata kama ni vipande, umwonyeshe.

Kisha pimeni pamoja. Kilichochakaa kwa umri na kazi ya kawaida ni cha mwenyewe: mpini uliooza ndani, mpira wa bomba uliokauka kwa miaka. Kilichovunjwa kwa kutumiwa vibaya au kwa kazi isiyokubaliwa ni cha aliyeazima: ngazi iliyopakiwa tofali, toroli lililobebeshwa mawe mpaka likapinda. Kilicho katikati, gawaneni.

Ukitengeneza, tengeneza kwa fundi anayekubalika na mwenye mali. Kuchomelea plau vibaya kichochoroni ili tu uirudishe ikionekana nzima ni kuvunja mara ya pili. Kikipotea kabisa, lipa chombo cha hali ileile, si kipya wala fedha ya kukadiria peke yako. Kama huna uwezo kwa mkupuo mmoja, sema utalipa mpunga ukivunwa, mwandike daftarini, na ulipe mara tu ukivuna. Kukopa harusi, kulipa matanga. Usimfanye jirani yako ndiye mwenye kubeba matanga hayo.

Kukataa bila kuvunja ujirani

Huna wajibu wa kuazimisha kila kitu. Lakini usiseme uongo. Ukisema bomba ni bovu, kisha kesho ukaonekana nalo mgongoni barabarani, umepoteza zaidi ya bomba. Sema sababu ya kweli: "Kesho napiga dawa mwenyewe. Njoo keshokutwa saa nne." Au: "Hili siliazimishi kwa dawa ya magugu, nina nyanya." Au: "Mashine hii haitoki bila mimi, nitakuja nayo mwenyewe." Kwa msumeno wa mnyororo na mashine ya kupura jibu hilo la mwisho ndilo salama kuliko yote, maana vinakata vidole.

Kuna pia wakati wa kusema hiki si cha kuazima, ni cha kukodi. Plau na ng'ombe wakilima ekari nzima za mtu, au mashine ikipura magunia ya kuuza, bei ya mtaa itumike. Kuazimana ni kwa kazi ndogo na dharura. Biashara ikivalishwa nguo ya ujirani, mmoja anajiona amenyonywa na mwingine anajiona amenyimwa.

Kwa mtu aliyekurudishia kimechelewa mara mbili, usimnyime kimyakimya. Mwambie sababu, na mpe nafasi ya tatu kwa chombo kidogo.

Vitu vya msiba na shughuli

Hapa kanuni hulegea. Masufuria makubwa, viti, majagi, majembe ya kuchimbia kaburi na taa havikataliwi, wala siku haijadiliwi mbele ya wafiwa. Lakini ukarimu hauondoi hesabu. Kamati ichague mtu mmoja wa kupokea vyombo, aandike kila kimoja na nyumba kilikotoka, na siku ya kuanua tanga avirudishe yeye na vijana wawili, nyumba kwa nyumba. Mwenye chombo asiachwe aje kuulizia sufuria lake mahali watu wanapolia.

Kununua kwa pamoja

Chombo kinachogombaniwa kila mwaka ni dalili kwamba kimepungua mtaani. Majirani watano wanaweza kuchanga bomba la pili, na kikundi kinaweza kufikia mashine ya kupura. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi: asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Ulizeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata masharti yakoje kwa sasa.

Kabla ya kununua, andikeni mambo matano: chombo kinalala kwa nani, zamu inapangwaje, nani anaweka fedha ya matengenezo na kiasi gani kila msimu, anayechelewesha anatozwa nini, na anayejitoa kikundini anapewa nini. Zamu ipangwe kwa kura au kwa shamba lipi limewahi kuiva, si kwa nani mkubwa. Mji wa Berkeley, California, una maktaba inayoazimisha nyundo na misumeno kama vitabu tangu mwaka 1979, na haikusimama kwa wema wa watu peke yake. Kila chombo kina tarehe ya kurudi, na anayekingoja anajulikana. Kikundi cha Kakese kinaweza kufanya hivyo kwa daftari na kalamu.

Ikishindikana

Fuata mtu kwake kwanza, peke yako, si kilabuni wala mnadani mbele za watu. Mara ya pili, nenda na mzee anayeheshimiwa na pande zote mbili. Mara ya tatu, mwenyekiti wa mtaa, ukiwa na daftari lako au ule ujumbe wa simu. Polisi ni kwa aliyeuza chombo chako au aliyekana kukichukua.

Na kama wewe unayesoma una cha mtu ndani kwako sasa hivi, kisafishe leo na ukipeleke kabla mwenyewe hajakihitaji.